Boma la Arusha na Mifupa Iliyosafiri

Kutoka Sekei hadi Makumbusho ya Taifa ya Elimu Viumbe ni mteremko tu. Mtu anashuka na bodaboda au kwa miguu, anauacha Mlima Meru mgongoni, anavuka barabara kuu ya Moshi na Nairobi, anapita karibu na jumba la mikutano la AICC lenye majengo yake matatu yaitwayo Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Hapo jirani, penye kichwa cha Barabara ya Boma, zimesimama nyumba za kale zenye kuta nene nyeupe. Wako waliozaliwa Sekei, wakasomea Sekei, wakapita nje ya nyumba hizo miaka nenda miaka rudi wakielekea Mnara wa Saa, na hawajaingia ndani hata mara moja. Ukiwauliza pale ni nini, watakujibu kuwa ni Boma la Mjerumani.

Jibu hilo ni sahihi kuliko wanavyodhani. Kabla ya kuwa nyumba ya nyayo, mafuvu na wadudu, jengo hili lilikuwa ngome ya jeshi. Tena historia ya elimu viumbe katika nchi hii imeanzia kwenye ngome kama hizi, mikononi mwa watu waliovaa sare.

Makumbusho makubwa ya elimu viumbe duniani yana desturi ya kumpokea mgeni kwa kitu cha kumfanya ainue shingo. London, tangu 2017, kuna kiunzi cha mifupa ya nyangumi wa buluu kilichotundikwa juu ya ukumbi mkuu. Chicago wapo simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898. Ngozi zao John Patterson aliziuza kwa makumbusho ya Field mwaka 1924 kwa dola 5,000. Berlin yuko mjusi wa Tendaguru, dinosaria mwenye mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Arusha hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna vyumba vya maonyesho kuhusu chimbuko la binadamu, nakala za nyayo za zamadamu za Laetoli, wadudu, picha za wanyamapori, na historia ya mji wenyewe wakati wa Wajerumani. Mgeni mwenye haraka huwa amemaliza kabla jua halijahama kivuli.

Ni ajabu kidogo. Ndani ya Mkoa wa Arusha imo ardhi iliyoipa dunia baadhi ya nyayo za kale kabisa za zamadamu anayetembea kwa miguu miwili, na nchi yenyewe imejaza kumbi za watu wengine kwa mifupa, ngozi, ndege na vipepeo. Kwa nini basi nyumba yake ya elimu viumbe iwe ndogo hivi, na sehemu ya vitu vyake muhimu iwe ya plasta? Majibu mengi yamo ndani ya kuta zenyewe.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa shirika la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri, kwenye miteremko ya Meru, wakitaka kuanzisha misheni. Usiku wa kuamkia tarehe 20 waliuawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kapteni Kurt Johannes, aliyekuwa na makao Moshi, alirudi na askari wake na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, migomba ikafyekwa. Mapambano ya Waarusha na Wameru hayakuisha siku hiyo, lakini kufikia mwaka 1900 Wajerumani walikuwa wamekwishakita mguu chini ya mlima, na alama ya mguu huo ilikuwa boma la mawe na chokaa. Kazi ya kulijenga waliifanya wenyeji, kwa shuruti. Watu waliochomewa nyumba ndio waliobebeshwa mawe ya nyumba ya aliyewachomea.

Tarehe 2 Machi mwaka huohuo wa 1900, Moshi ya zamani, Johannes aliwanyonga viongozi 19 kwa siku moja. Miongoni mwao walikuwa Mangi Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho, na viongozi kutoka upande wa Meru na Arusha. Habari hiyo itarudi baadaye, kwa sababu nayo, kwa njia ya kuhuzunisha, ni habari ya makumbusho.

Boma likawa kambi, ofisi na mahali pa amri. Machi 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliingia Arusha, na wao pia wakaona nyumba inafaa kwa shughuli zilezile za utawala. Bendera ilibadilika, ofisi ikabaki.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye karatasi moja ambayo wageni wengi wa makumbusho hawajawahi kuisikia. Mwaka 1889 baraza la shirikisho la dola ya Ujerumani liliamua kwamba vitu vilivyokusanywa makoloni na misafara iliyolipiwa na serikali vipelekwe kwanza Berlin. Baadaye kidogo uamuzi huo ukawagusa pia maofisa waliokuwa kazini. Makumbusho ya Berlin yakachapisha miongozo ya kuwafundisha maofisa, madaktari na wamisionari namna ya kukausha ngozi, kubana mimea, kuhifadhi mdudu na kuandika kibandiko chenye jina la mahali. Hivyo ndivyo afisa wa boma alivyogeuka kuwa wakala wa makumbusho bila kuacha kuwa mwanajeshi. Sanduku la mzigo wa kijeshi likirudi pwani liliweza kubeba ndege waliochunwa na kujazwa pamba.

Si Wajerumani peke yao waliopita hapa. Mwaka 1905 na 1906 mtaalamu wa wadudu kutoka Sweden, Yngve Sjöstedt, aliongoza msafara wa elimu viumbe uliozunguka Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai. Alirudi Stockholm na makumi ya maelfu ya vielelezo: mchwa, panzi, konokono, mijusi, ndege, minyoo. Wataalamu wa nchi mbalimbali waligawana kazi ya kuvichambua, na kufikia 1910 ripoti ya juzuu tatu nene ilikuwa imekwisha kuchapwa, kwa sehemu kubwa katika Kijerumani. Ilijaa spishi ambazo sayansi ilikuwa haijaziandika. Miteremko ambayo watu wa Sekei huiona kila asubuhi ikifunuliwa na mawingu iliorodheshwa hivyo, mdudu kwa mdudu, katika mji wa theluji ulio mbali kabisa na mlima. Kwa mtaalamu wa wadudu wa leo, vielelezo hivyo ndivyo kipimo: akitaka kuhakikisha mdudu wa Meru aliye mezani kwake ni yuleyule aliyeandikwa wakati huo, hana budi kumlinganisha na aliyedungwa sindano Ulaya.

Haipasi kumbeza Sjöstedt. Vielelezo vyake vimetunzwa zaidi ya karne moja, na haijulikani vingekuwa wapi kama vingebaki kwenye ghala la boma lenye unyevu. Lakini utunzaji mzuri haufuti swali la nani anaweza kuvifikia.

Kusini, karibu na Lindi, jambo hilohilo lilikuwa likifanyika kwa ukubwa wa kutisha.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuta mfupa mkubwa umechomoza njiani karibu na kilima cha Tendaguru, yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi. Mwaka uliofuata Profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart alikwenda kujionea, akathibitisha kuwa ni dinosaria. Makumbusho ya Berlin, chini ya mkurugenzi Wilhelm von Branca, yalichangisha fedha, na kuanzia 1909 hadi 1913 yakaendesha uchimbaji ambao wengi wanauhesabu kuwa mmoja wa mikubwa kabisa ya dinosaria duniani. Viongozi wa Kijerumani walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck pamoja na mkewe Ina. Vibarua walifika hadi mia tano kwa wakati mmoja.

Eneo hilo lilikuwa limetoka tu kwenye Vita vya Majimaji. Mashamba yalichomwa, njaa ikapita, na wanaume waliobaki walikuwa na kodi ya kulipa. Katika hali hiyo kazi ya kufukua mifupa ilipata watu kwa urahisi. Walichimba mashimo, wakapakaza mifupa udongo na plasta, wakaifungia ndani ya fito za mianzi, kisha wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Uzito wa mzigo wote unakadiriwa kuwa kati ya tani 225 na 250. Reli haikuwapo, na mbung'o walikuwa hawaruhusu mnyama wa kubeba mzigo kuishi. Tani zote hizo zilipita kwenye shingo za watu.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyejua kuusafisha mfupa bila kuuvunja, ndiye aliyewafundisha wengine, na Wajerumani walimtegemea kwa yote hayo. Waingereza walipokuja Tendaguru mwaka 1924 na msafara wao wa makumbusho ya London, chini ya W. E. Cutler, walihitaji watu wa namna hiyohiyo. Msaidizi wa Cutler alikuwa kijana wa Kabete mwenye umri wa miaka 20 na ushei, aliyepewa kazi kwa sababu mojawapo ya kukijua Kiswahili. Jina lake Louis Leakey. Cutler alifariki Lindi mwaka 1925 kwa malaria; kijana huyo alikuwa ameshaondoka.

Mjusi mkubwa kuliko wote wa Tendaguru alipewa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, kwa heshima ya mkurugenzi aliyechangisha fedha akiwa Berlin. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Kiunzi chake kilisimamishwa ukumbini mwaka 1937, kikashushwa na kufichwa wakati wa Vita vya Pili, kikasimamishwa tena baada ya vita. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, na leo hakuna dinosaria mwingine aliyetundikwa kwa mifupa halisi mwenye kimo cha kumshinda. Na Boheti? Jina lake liliingia kwenye orodha ya kisayansi mwaka 2007, pale dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 ikaja Wamweracaudia keranjei, jina linalowakumbuka Wamwera na msimamizi mwingine wa uchimbaji, Mohammadi Keranje. Mkurugenzi alisubiri miaka mitano, mchimbaji akasubiri karibu mia.

Bungeni suala la mjusi huyu limeulizwa tena na tena, hasa na wabunge wa mikoa ya kusini: arudishwe, au walau Lindi ilipwe? Serikali imewahi kujibu kwamba kumsafirisha, kumsimamisha na kumtunza ni gharama kubwa, na kwamba ushirikiano na Wajerumani utafaa zaidi. Hoja ya gharama ina uzito. Inapungua uzito mtu akikumbuka kwamba gharama ya kumfikisha Berlin ililipwa kwa sehemu kubwa na watu ambao hawajawahi kumwona akiwa amesimama.

Kuna vitu ambavyo hakuna anayethubutu kubishana navyo kwa lugha ya gharama. Baada ya Mangi Meli kunyongwa, simulizi za Moshi ya zamani zinasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Wazao wake, wakiongozwa na mjukuu wake Isaria Meli, wamekitafuta kwa miongo. Si jambo la kubuni: katika miaka hiyo Felix von Luschan, mtaalamu wa Berlin, alikuwa akiwaagiza maofisa wa makoloni wamletee mafuvu ya watu, na akakusanya maelfu. Alipofariki mwaka 1924, mkusanyo wake binafsi wa mafuvu ulinunuliwa na makumbusho ya elimu viumbe ya New York. Yaani binadamu wa Afrika Mashariki waliwekwa kwenye rafu za nyumba ileile inayohifadhi simba, ndege na samaki.

Berlin walipochunguza mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda, yapata mia mbili yalitoka eneo la Tanzania ya leo. Septemba 2023 yakatangazwa matokeo ya vipimo vya vinasaba: mafuvu matatu yalilingana na watu walio hai wa upande wa Kilimanjaro. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwamo. Miezi miwili baadaye Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, penye makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake.

Bonde la Olduvai nalo lilianza kwa safari ya sanduku. Mwaka 1911 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Kattwinkel, alirudi kwao na visukuku kutoka huko, na mwaka 1913 Hans Reck, yuleyule wa Tendaguru, akaenda kuchimba. Leakey alifika mwaka 1931, safari hii akiwa mtaalamu kamili. Mwaka 1935 Mmasai mmoja alimwelekeza mahali pengine penye mifupa, upande wa kusini, panapoitwa Laetoli. Miongoni mwa vitu alivyookota huko lilikuwamo jino moja, akalipeleka London kama jino la nyani. Lilikaa kwenye droo ya makumbusho ya elimu viumbe miaka zaidi ya 40. Mwaka 1979 Mmarekani Tim White alilitazama akatambua kwamba halikuwa la nyani hata kidogo. Lilikuwa la zamadamu, mmoja wa wa kwanza kabisa kupatikana katika Afrika Mashariki, na hakuna aliyekuwa akijua.

Watu wakisema vielelezo viko salama ughaibuni, kisa cha jino hilo kinafaa kukumbukwa. Droo nzuri haimfanyi mtu aangalie.

Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa kambini na homa, mkewe Mary Leakey aliona mfupa umechomoza kwenye mteremko wa Olduvai. Vipande mamia vilipounganishwa vikawa fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni 1.75. Lilipelekwa kwanza Nairobi, ambako akina Leakey walikuwa wakifanya kazi katika makumbusho ya Coryndon. Si shani: Nairobi ilikuwa na makumbusho ya elimu viumbe tangu 1910, yaliyoanzishwa na chama cha walowezi na maofisa wapenda ndege na vipepeo, na jengo la Coryndon likafunguliwa 1930. Tanganyika ilichelewa. Makumbusho ya Mfalme George wa Tano, Dar es Salaam, yalianzishwa 1934 na kufunguliwa 1940, tena yakiwa madogo. Baada ya uhuru yakawa Makumbusho ya Taifa, na mwaka 1965 Zinjanthropus akarudishwa nchini. Yuko Dar es Salaam mpaka leo, na hutolewa hadharani kwa uangalifu mkubwa.

Arusha ilipata makumbusho kwa njia ya siasa kwanza. Jumba la maendeleo ya jamii la Kaloleni, ambako Azimio la Arusha lilipitishwa Januari 1967, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1977. Miaka kumi baadaye, 1987, ikaja zamu ya Boma. Ngome ikakabidhiwa elimu viumbe.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara ya mfukoni. Serikali haikuwa na fedha za kujenga jumba jipya, na Boma lilikuwa tayari, katikati ya mji unaopitiwa na watalii wote wa Ngorongoro na Serengeti. Lakini ngome haijengwi kwa ajili ya maonyesho. Vyumba vyake ni vyembamba, madirisha ni ya kuzuia risasi zaidi kuliko ya kuingiza nuru, na kiunzi cha tembo mzima kingemshinda fundi hata kukipitisha mlangoni. Udogo wa makumbusho haya, kwa hiyo, usihesabiwe kuwa uvivu wa wahifadhi wake. Ni udogo wa nyumba iliyojengwa kuwalinda wachache dhidi ya wengi.

Na hizo nakala za plasta? Mgeni wa haraka hukunja uso: kumbe si zenyewe. Angesubiri kidogo. Nyayo za Laetoli zina umri wa miaka milioni 3.66. Ziligandishwa kwenye majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Mwaka 1976 mtafiti Andrew Hill, akikwepa kinyesi cha tembo alichotupiwa na mwenzake kwa mzaha, alianguka akajikuta uso kwa uso na alama za wanyama. Mwaka 1978 zikaonekana za zamadamu, njia ya mita zipatazo 27 yenye nyayo takriban 70. Ziliposomwa zikafukiwa tena. Katika miaka ya 1990 mizizi ya migunga ilikuwa imeanza kuzitishia, ndipo Idara ya Mambo ya Kale na taasisi ya Getty ya Marekani wakazifukua, wakazitibu na kuzifukia upya kwa tabaka za mchanga na mawe. Hata anayekwenda Laetoli kwenyewe haendi kuzikanyaga wala kuzigusa. Nakala ya Boma, basi, ndiyo njia ya kawaida ya kuziona. Hiyo ni plasta ya haki, kwa sababu cha asili kimebaki kwenye ardhi yake. Plasta ya mjusi wa Tendaguru ingekuwa na maana nyingine.

Ukisimama mbele ya nyayo hizo na watoto wa shule, utaona jambo ambalo makumbusho makubwa hayana. Watoto wa London hutazama mfupa uliotoka mbali. Mtoto wa Sekei anatazama unyayo uliokanyagwa mwendo wa siku moja kwa gari kutoka kwao, kwenye majivu kama yale ambayo mlima wa nyumbani kwao uliwahi kutema. Meru yenyewe ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910, boma likiwa tayari limesimama. Chumba cha historia ya Wajerumani kipo hatua chache kutoka chumba cha chimbuko la binadamu. Kwa mpangilio huo tu, hata kama haukukusudiwa, Boma linasema jambo ambalo kumbi za Berlin zimechukua muda mrefu kulisema: ni nani aliyekusanya, na alikusanya akiwa nani.

Linalokosekana ni watu wa katikati. Boheti bin Amrani na Keranje wanastahili ukuta mzima. Vilevile wapagazi wa Lindi, Mmasai wa Laetoli, na wasaidizi waliowakamata wadudu wa Meru kwa ajili ya Stockholm. Haya hayahitaji jengo jipya wala meli ya kumleta mjusi. Yanahitaji ramani, picha za maktaba za Berlin na Stockholm ambazo sasa zinapatikana kwa kuomba, na mwandishi mzuri wa Kiswahili. Makumbusho yanayotunza vielelezo vya nje yangeweza pia kudaiwa orodha kamili: kila ndege, kila panzi, kila mfupa kutoka Meru uko wapi, na mwanafunzi wa Arusha afanyeje kumwona. Hilo ni dai dogo kuliko kurudisha, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyelisimamia kwa nguvu.

Kuna kizazi cha watafiti wa Kitanzania ambacho hakisubiri. Miaka ya karibuni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikichimba Laetoli na Olduvai kwa timu zake. Mwaka 2015 timu iliyoongozwa na Profesa Fidelis Masao ilitumwa Laetoli kupima athari za ujenzi: palikuwa na mpango wa kujenga makumbusho hapo, na sheria inataka ardhi ikaguliwe kwanza. Wakachimba mashimo ya majaribio, mita zipatazo 150 kutoka kwenye nyayo za Mary Leakey, na ndani ya mashimo hayo wakakuta nyayo nyingine, za zamadamu wawili, zenye umri uleule. Mmoja wao alikuwa mrefu, karibu sentimita 165 kwa makadirio yao. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016, Masao akiwa mwandishi wa kwanza.